Waya unawaka kabla sijauamuru: kontrola yangu ya mashine ya kukatia stairofomu

fundi_mapambo

Wakuu heshima kwenu, na wazee wa jamvi shikamooni.

Mimi ni mpambaji wa kumbi hapa Dar, upande wa Mbagala. Harusi, sendofu, kipaimara, chochote chenye meza kuu na maua. Kinachonilisha zaidi ni zile herufi nene za stairofomu zinazosimama nyuma ya maharusi. Miaka yote nimezikata kwa mkono: upinde wa mbao, waya wa nichromu unaopata moto umeme ukipita, transfoma niliyoitoa kwenye chaja mbovu ya betri ya gari, na karatasi ya umbo nimeibana kwa pini. I na L hata mtoto anakata. Kazi ni S. Mkono ukisita kidogo tu waya umeshakula shimo, na shimo la kwenye S wanaliona hadi wale wa meza ya mwisho karibu na jiko.

Ndiyo nikaamua kutengeneza mashine ya kuendeshwa na laptopu. Nguzo mbili, kushoto na kulia, waya umelala katikati yake, urefu sentimita 70. Nguzo zinakwenda mbele na nyuma, hiyo ni X, na waya unapanda na kushuka, hiyo ni Y. Reli ni za droo za kabati. Kinachosukuma ni vyuma vya hesi vya M8, kila kimoja na mota yake ya NEMA 17, kwa hiyo mota nne, zote za mtumba. Ubongo ni Arduino Uno (bodi ndogo ya kompyuta) yenye GRBL 1.1, programu inayogeuza amri za laptopu kuwa mwendo wa mota, juu yake CNC Shield V3, bodi ya kuchomekea, na drava za A4988 zinazoendesha mota. Mota zinakula pawasaplai ya volti 12 ya taa za LED. Waya unakula laini ya njano ya pawasaplai ya kompyuta ya zamani, 12 vilevile. Graundi nimeziunganisha.

Waya unawashwa na mosfeti ya IRFZ44N, swichi ya umeme isiyo na kitufe. Geti lake, mguu wa kuifungulia, nimelipeleka kwenye pini ya Shield iliyoandikwa SpnEn, maana nilisoma kwamba M3 ndiyo amri ya kuwasha spindo (mota ya kisu kwenye mashine za kuchonga) na S ndiyo kiasi.

Sasa vituko. Jumapili nimechomeka USB, sijafungua programu yoyote ya kutuma amri, nikageuka kutafuta rula. Nikasikia harufu. Kugeuka, waya umeshazama kwenye kipande nilichokiegemeza pale, unashuka wenyewe taratibu kama kijiko kwenye uji. Nikatuma M5 uzime, wapi. S100, S500, S1000, joto ni lilelile la juu kabisa.

Nikatazama video, jamaa akasema weka rezista ya 10k kati ya geti na graundi. Nikaweka. Sasa waya umekufa kabisa, hata M3 S1000 haupati joto la kukausha jasho. Kwenye geti mita inasoma volti 1.1, iwe M3 au M5. Na nikituma alama ya kuuliza kupata hali ya mashine, jibu linamalizikia na Pn:Z, wakati mimi sina Z. Sina mhimili wa Z, sina swichi ya Z, sina chochote cha Z. Nimebadilisha mosfeti tatu.

La mwisho, herufi zinalala. Mota mbili za X nimeziunga pamoja kwenye drava moja, kwa sababu soketi ya A ya Shield nimeshaitumia kunakili Y. Nguzo ya kulia inachelewa nyuma ya mwenzake, na safari za kurudi bila kukata mota zinapiga mluzi tu bila kuzunguka. $100 na $101 (hatua kwa milimita) nimeweka 2560, $110 na $111 (mwendo wa juu, milimita kwa dakika) nimeweka 1000.

Nina kazi ya B & R Jumamosi ya wiki ijayo, herufi za sentimita 40. Mkono upo, sitaaibika. Lakini mashine imekaa sebuleni mwezi wa pili na mama watoto ameshaanza kuiita mke mwenzangu. Nawasilisha.

---

kobe_wa_mjini

Mkuu unajitesa bure. Chukua dima ya taa ya ukutani, ichomeke kwenye soketi, toa moja kwa moja kwenye waya, zungusha mpaka joto likuridhishe. Mosfeti za nini?

---

mzee_wa_risasi

fundi_mapambo, marahaba mwanangu.

Kwanza hilo la dima. Usilifuate hata kama harusi ni ya binti yako na ukumbi umeshajaa. Waya huo uko uchi na utaushika, kila anayekata foma anaushika siku moja. Dima haikutenganishi na umeme wa nyumba, inapunguza tu, kwa hiyo aliyegusa waya amegusa soketi ya 230. Transfoma yako ya chaja ndiyo iliyokuwa inakulinda miaka yote, pengine bila wewe kujua. Kobe, sikutukani mwanangu, ila futa hiyo.

Sasa mosfeti zako. Zote tatu ni nzima, kaziokote kwenye takataka.

Kosa liko kwenye maandishi ya bodi. CNC Shield V3 ilichorwa enzi za GRBL 0.8. Enzi hizo pini D12 ya Uno ilikuwa ya kuwasha spindo na D11 ilikuwa ya swichi ya mwisho ya Z, ile inayobonyezwa mhimili ukifika ukingoni. Ilipokuja 0.9 wakataka kasi ya spindo ipande na kushuka kwa PWM, yaani kuwasha na kuzima haraka haraka. D12 ya Uno haina PWM, D11 inayo. Wakazibadilishana. Bodi zikaendelea kuchapwa na maandishi ya zamani mpaka leo. Kwa hiyo palipoandikwa SpnEn, GRBL yako inapajua kama swichi ya Z, na palipoandikwa Z+ na Z- ndipo amri ya waya inapotokea.

Sasa soma tena vituko vyako. Kila pini ya swichi GRBL inaivuta juu kwenye volti 5 kwa rezista iliyo ndani ya chipu, kati ya 20k na 50k. Ni mvuto dhaifu, lakini geti la mosfeti halinywi mkondo, linajaa kama ndoo chini ya bomba linalodondoka. Likajaa, likafungua, waya ukawaka, na hakuna M5 duniani ya kuuzima kwa sababu amri zilikuwa zinatokea mlango mwingine. Ukaweka 10k kwenda graundi. Sasa juu kuna hiyo rezista ya ndani, tuseme 35k, chini kuna 10k, volti 5 zinagawanyika na katikati inabaki 1.1. Mita yako ni nzuri, itunze. Volti 1.1 haifungui mosfeti. Na kwa GRBL volti 1.1 maana yake ni kwamba swichi imebonyezwa. Swichi ya pini gani? Pn:Z. Mashine ilikuwa inakutajia pini yenye kosa, wewe unakimbilia dukani.

Hamisha geti liende Z+ au Z-, ni pini ileile, kupitia rezista ya 220 hivi. Ile 10k iache palepale kwenye geti. Uno inapoamka kuna muda programu haijashika pini zake, zinaelea tu, na bila 10k utanusa tena ile harufu. $30 (S ya juu kabisa) iwe 1000, $32 (hali ya leza) iwe 0. Hapo M3 S600 ni asilimia 60.

Ukienda tena mjini tafuta IRLZ44N. Herufi moja tu, L badala ya F, ila ndiyo yenyewe. Hiyo F watengenezaji wanaihesabia volti 10 kwenye geti. Kwa 5 za Arduino nyingine zinafunguka vizuri, nyingine zinasimama nusu mlango na kuchemka. L imetengenezwa kwa 5.

Nichromu yako kama ni ya milimita 0.4 ina omu 8.7 hivi kwa mita, kwa hiyo sentimita 70 ni kama 6.1. Kwa volti 12 unapata karibu ampea 2, wati 23 na ushei. Kwa urefu huo ni nyingi, foma itakimbia kabla waya haujafika. Anza S500 upande taratibu. Na usifunge waya ncha zote mbili kwa nguvu. Ukipata moto unarefuka, sentimita 70 kwenye nyuzi 250 hivi ni karibu milimita 2 na nusu, na tumbo linalotokea katikati ndilo linaloharibu kona zako. Weka springi ncha moja. Umeme uuingize kwenye waya kabla ya springi, usiupitishe ndani ya springi, maana springi iliyopata moto inalegea na hairudi.

Mota za X. Drava moja haiwezi kubeba mbili. A4988 ukiipoza vizuri sana inafika ampea 2, na ukiunga mota mbili sambamba kila moja inapata nusu. Yenye msuguano mkubwa ndiyo inayobaki nyuma, kwako ni ya kulia. Soketi ya Z hapo juu imelala bure. Chukua drava ya nne, mguu wa STEP (hatua) na mguu wa DIR (mwelekeo) uipinde nje isiingie kwenye soketi ya Z, miguu mingine yote iingie. Kisha chomea waya mbili fupi kutoka STEP na DIR ya X. Sasa Z inamfuata X kwa kila hatua. Kama mota moja inazunguka kinyume, geuza plagi yake. Lakini zima umeme kwanza! Kuchomoa mota drava ikiwa na umeme ndiyo njia ya haraka ya kuua drava, nimezika nyingi kwa makosa hayo.

Pima Vref, volti inayopanga mkondo wa mota, kila drava. Angalia vile virezista viwili vidogo pembeni ya chipu, kama vimeandikwa R100 basi kwa ampea 1 weka volti 0.8, kama ni R050 weka 0.4. Bisibisi ikiteleza hapo drava imekwenda, kwa hiyo mkono mmoja mezani.

Mluzi ni hesabu tu. Hesi ya M8 inasogea milimita 1.25 kwa mzunguko, nawe umeweka vihatua vya 1/16, ndiyo 2560 kwa milimita. Ukiiomba milimita 1000 kwa dakika unaitaka Uno itoe hatua elfu 42 na zaidi kila sekunde. GRBL kwenye Uno mwisho wake ni kama elfu 30. Chini ya drava toa jampa zote, acha ya katikati peke yake, hiyo ni 1/4. $100 na $101 ziwe 640, $110 na $111 ziwe 400. Unakata foma, hufukuzi mwizi.

---

kobe_wa_mjini

Nimekoma mzee, nimefuta. Swali lingine, hiyo mashine inakata na sponji la godoro? Nina kazi ya masofa.

---

mzee_wa_risasi

Hapana. Sponji la godoro ni polyurethane, ukiliunguza moshi wake una sumu, ikiwemo ya sianidi. Hilo kata kwa kisu au msumeno. Hata stairofomu nyeupe moshi wake si wa kuvuta, ufungulie dirisha na feni isukume nje. Kwenye sebule ya mke mwenza sijui unafanyaje.

---

fundi_mapambo

Mzee shikamoo tena, na Mungu akuzidishie.

Nimerudi kutoa mrejesho. Jana usiku watoto wamelala, nikachomoa geti kutoka SpnEn nikalihamishia Z+. Nikaweka mita kwenye geti kabla ya kuunga waya. Nachomeka USB, sifuri. M3 S200, volti 1. S600, volti 3 kasoro kidogo. M5, sifuri. Nimekaa pale sakafuni nikituma S juu chini kama mtoto aliyepata swichi ya taa, mpaka mama watoto akaniuliza kama nakuja kulala.

Nikaunga waya. Pn:Z imeondoka. Kwa S520 na mwendo wa milimita 200 kwa dakika waya unapita kimya, na uso uliokatwa unaacha vile vinywele vyembamba kama utando wa buibui. Nikipandisha S700 uso unang'aa na unakuwa na vishimo. Nikishusha S400 waya unabaki nyuma katikati na kona ya mraba inakuwa ya duara. Springi nimeitoa kwenye kalamu, moja haikutosha nikaunga mbili.

Drava ya nne ipo kwenye soketi ya Z na miguu miwili imepinda nje kama ya panzi. Nguzo zinakwenda sawa. Nimekata mraba wa milimita 50, ukatoka 48.9 kila upande, nadhani hiyo 1.1 ndiyo inayoliwa na waya, nitaiongeza kwenye mchoro. Mluzi umekwisha.

Yamebaki mawili.

Moja, ALARM:1, yaani GRBL inasimama ikidhani swichi ya mwisho imeguswa. Inakuja yenyewe katikati ya kazi, dakika ya pili au ya saba, haina ratiba. Waya ukiwa umezimwa mashine inazunguka hata nusu saa bila tatizo. Waya ukiwaka tu, alamu inanyemelea. Swichi za mwisho za X na Y sijazigusa. Niseme ukweli, waya zote nimezipitisha kwenye kebo moja ya mtandao, ile ya jozi nne: jozi mbili za swichi, mbili zilizobaki zinapeleka umeme wa nichromu. Ilikuwa inapendeza kwa macho.

Mbili, B. Mchoro nimeutoa Inkscape, programu ya kuchora, kwa kile kiongezo cha leza. I ilitoka safi. B mashine ilikata umbo la nje, kisha ikaamua kwenda kwenye tundu la juu, ikakatisha katikati ya herufi, ikazungusha tundu, ikakatisha tena kwenda la chini. Nilichookota ni vipande vinne na hasira.

---

mzee_wa_risasi

Kebo moja! Kwenye jozi mbili unapitisha ampea 2 zinazokatwa na kurudishwa karibu mara elfu kwa sekunde, jirani yake kuna swichi inayoshikiliwa juu na rezista dhaifu ya ndani ya chipu. Swichi inasikia kelele ya jirani inadhani imebonyezwa. Tena nyuzi za kebo ya mtandao ni nyembamba, ziguse, huenda zina joto.

Umeme wa nichromu upitishe njia yake peke yake, waya nene mbili zilizosokotwa pamoja, mbali na za swichi. Kwenye pini ya kila swichi weka kapasita ya 100nF kwenda graundi, karibu na Shield, si karibu na swichi. Kisha badilisha swichi ziwe za kufunga muda wote na kufunguka zikibonyezwa, vile viswichi vidogo vina miguu mitatu, hamia ule wa NC. Pini ikiwa imefungwa kwenye graundi muda wote, kelele haina pa kuishika. Weka $5=1, ndiyo inayogeuza maana ya swichi.

Halafu utanilaumu, kwa sababu Pn:Z itarudi. Ukigeuza maana ya swichi unageuza zote, na Z yako iko tupu, tupu sasa inasomeka kama imebonyezwa. Dawa ni jampa moja kutoka ile pini iliyoandikwa SpnEn kwenda graundi. Tumefika tena palepale ulipoanzia, ila safari hii pana kazi.

Hilo la B namwachia bawa, yeye ndiye anakata maumbo.

---

bawa_la_moro

Nimeitwa. Habari zenu, mimi niko Morogoro, nakata mabawa ya ndege ndogo za kurusha kwa rimoti.

Kaka fundi, kiongezo cha leza kinadhani una leza. Leza inazimwa ikihama kutoka umbo hadi umbo. Kwenye mashine ya kuchonga mbao kisu kinanyanyuliwa. Waya wako hauzimiki kwa ghafla wala haunyanyuki, popote unapopita umekata. Kwa hiyo herufi nzima, na matundu yake, lazima iwe mstari mmoja usiokatika, kama ile michezo ya utotoni ya kuchora nyumba bila kuinua kalamu.

B iko hivi. Ingia kutoka nje chini kushoto, panda na mgongo ulionyooka. Ukifika usawa wa katikati ya tundu la chini, pinda kulia, kata mlango mwembamba mpaka ndani, zungusha tundu lote, rudi kwa mlango uleule, endelea kupanda. Fika usawa wa tundu la juu, fanya vilevile. Maliza mgongo, pita juu, teremka na matumbo mawili, toka ulipoingilia. Kiini cha tundu kitabaki ndani, kitoe kwa kidole mwishoni. Mlango ni milimita moja hivi, uko mgongoni, na gundi ya karatasi au rangi mbili zinaufunika. R ni mlango mmoja, mgongoni pia. A usiingilie ubavuni, ingilia kwa chini, katikati ya miguu miwili, kata ule mstari wa kulala wa katikati kwenda juu, hapo hakuna anayechungulia. K, I, U, N hazina tundu, kwa hiyo neno KARIBUNI lina A, R na B tu za kusumbua.

Ndani ya Inkscape vunja maumbo yote, chora njia mpya juu yake kwa kalamu ya kunyoosha, nukta kwa nukta, na uhakikishe mwishoni ni njia moja. Inachosha mara ya kwanza. Herufi ukishaichora hifadhi, hutaichora tena. Kwenye mlango njia ya kurudi iongezee mwendo, 350 hivi, kwa sababu pale waya unapita mara ya pili kwenye foma iliyokwisha yeyuka na ukienda polepole mlango unakuwa dirisha. Na usisimamishe mashine waya ukiwa ndani. Hata sekunde tano zinaacha duara.

Na ushauri wa bure: usidanganywe ununue bodi kubwa. Mimi natumia Mega 2560 na RAMPS 1.4, na grbl-Mega-5X, kwa sababu bawa langu lina shina pana na ncha nyembamba, nguzo mbili lazima ziende mwendo tofauti, kila moja na mihimili yake miwili. Kwenye shina waya unakimbia, kwenye ncha unajikokota, na ncha inaliwa zaidi kwa sababu waya umeikalia muda mrefu. Ni lazima kila upande niuongezee unene wake kwenye mchoro. Nimetupa mabawa mengi kabla sijaelewa hilo. Herufi zako pande zote mbili ni sawa, Uno inakutosha.

---

fundi_mapambo

Wakuu, leo ni Ijumaa, nimepaka rangi mkono wa pili nasubiri ikauke, ndiyo nawaandikia.

Kebo nimezitenganisha. Ya nichromu inapita juu kwenye kamba, za swichi zinapita chini ya meza. Swichi NC, kapasita, $5=1. Mzee, Pn:Z ikarudi kama ulivyosema, nikacheka peke yangu, nikaweka jampa SpnEn kwenda graundi, ikaondoka. Tangu jana asubuhi sijaona ALARM:1.

Dada bawa, B nilikaa nayo Inkscape hadi saa saba usiku. Kuikata ikachukua dakika kumi na tatu. Kwa mkono B nakata kwa kumi! Lakini hizo kumi na tatu nilikuwa nimekaa na chai, na B imetoka na matumbo mawili kama ya kwenye kitabu. Mlango wa tundu la chini ulipanuka kidogo kabla sijaweka 350 ya kurudi, nimeuziba kwa unga wa jasi na gundi ya maji.

R ndiyo iliyonitia adabu. Ilikuwa imeshamaliza mgongo na tundu, inateremka mguu wa mbele, umeme ukakatika mtaa mzima. Laptopu ikabaki hai na betri yake, kwa hiyo na Uno ikabaki hai kwa USB, ikaendelea kuhesabu hatua ambazo mota hazikuzipiga. Mimi naona namba zinasonga kwenye kioo, nguzo zimesimama, waya umepoa na kuganda katikati ya mguu wa R. Umeme uliporudi baada ya saa nzima waya ukaanza kupata joto wenyewe, maana M3 ilikuwa bado imewashwa, na mashine inaamini iko sentimita 11 mbele ya ilipo. Nimebonyeza swichi ya pawasaplai kwa kiganja, nikautoa waya kwa S300 nikizungusha hesi kwa vidole. Kama yupo aliyeweka kitu cha kuiambia GRBL isimame volti 12 zikipotea, nitashukuru anieleze. Nilikuwa nafikiria kuunga ile 12 kupitia rezista mbili za kugawa volti mpaka kwenye pini ya Hold, ile ya kuisimamisha mashine kwa muda.

Muda ulikuwa umekwisha, R nikaimalizia kwa upinde wangu wa mbao. Sasa zote mbili zimeegemea ukuta, dhahabu, mita moja kutoka nilipokaa. Kijana wangu wa kazi amezitazama akasema zote za mashine. Mama watoto amepita na beseni, hakusimama hata, akasema R ni ya mkono.

---

mzee_wa_risasi

Hold ni wazo zuri. Gawa ili 12 iwe kama 4.5, na weka kapasita hapo pia. Ikishuka chini inasimama. Lakini mota zilishapoteza nafasi, kwa hiyo hata ikisimama itabidi uanze kipande kipya. Faida ni kwamba haitakimbia na namba za uongo. Na ile M3 hold haiizimi, kwa hiyo weka swichi ya kawaida ya ukutani kwenye laini ya nichromu, mahali mkono unafika bila kutafuta.

Mwambie mama watoto namsalimia.